Wembamba si kinga ya kisukari

Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Kabla hajala asubuhi, kila lita huwa na gramu 1 ya sukari au pungufu kidogo. Yaani sukari yote inayozunguka ndani ya damu yake haizidi kijiko kimoja cha chai.

Sasa tazama sahani ya Luvungi, kwenye bonde la Ruzizi, Kivu: bugali wa muhogo, sombe (majani ya muhogo), ndagala (dagaa). Unga wa muhogo karibu wote ni wanga, na wanga ni sukari iliyoungana; utumbo huitenganisha. Gramu 200 za unga hutoa zaidi ya gramu 150 za sukari, mara 30 ya ile iliyokuwa kwenye damu. Huenda wapi?

Kongosho humwaga insulini, na insulini huziamuru misuli na ini kuipokea. Ghala kubwa ni misuli. Aliyelima mpunga tangu alfajiri amelimaliza ghala lake. Aliyehamia mjini Bukavu akawa mtu wa kukaa dukani na soda mkononi, lake limejaa. Mafuta ya tumboni nayo huzidi kuifanya insulini isisikilizwe. Sukari ya damu ikipita takriban gramu 1.8 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote. Hutoka na mkojo, ikivuta maji. Ndiyo sababu ya kiu na kukojoa usiku.

Lakini Kivu ina njia nyingine ya kufikia kisukari, nayo ndiyo inayonisumbua. Chembe zinazotengeneza insulini hujengwa kuanzia tumboni mwa mama. Mama akikosa chakula, mtoto anaweza kuzaliwa nazo chache. Uholanzi, waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya 1944–45 walionekana ukubwani kuishughulikia sukari kwa shida. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikitambua kisukari kitokanacho na utapiamlo kuwa aina ya 5. Wagonjwa wake wengi ni vijana wembamba. Nao waliotungwa mimba Kivu katika njaa ya vita vya 1996 wanakaribia miaka 30.

Urithi wa ukoo una sehemu yake, ila Mfuliiru, Mrundi na Mshi, kwa maoni yangu, wanatofautishwa zaidi na njaa waliyopitia kuliko kabila.

Ukikonda bila sababu na kiu haikatiki, nenda kituo cha afya ukapimwe kabla ya kula. Mashine ikisoma 126 mg/dL (gramu 1.26 kwa lita) au zaidi, na kipimo cha siku nyingine kikathibitisha, ni kisukari. Ukiambiwa u mwembamba mno kuwa nacho, omba upimwe hata hivyo.