Chelezo, Ndoana na Sato wa Kina Kifupi

Kutoka Mukendo, mjini Musoma, ni mwendo mfupi kufika Ziwa Viktoria. Sato wa kina kifupi huweza kuvuliwa kwa mshipi, ndoana, chubwi na chelezo cha tete. Chelezo huelea kwa kuwa maji hukisukuma juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji yaliyohamishwa. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes. Urefu wa mshipi chini ya chelezo huamua kina cha chambo.

Je, ndoana hutofautianaje na kokoro? Sato dume huchimba kiota mchangani, karibu na ufuko. Jike hutaga humo, kisha huyatwaa mayai na kuyaatamia kinywani. Hata vifaranga huwahifadhi humo kwa muda. Siku hizo hula kidogo sana, hivyo ni nadra kunaswa kwa chambo. Kokoro halichagui: huzoa mama na vifaranga, na kuvuruga viota. Ndiyo sababu sheria ya Tanzania hulikataza.

Zoezi: Chubwi likizidi uzito, chelezo kitakuwaje? Eleza, kisha ujaribu katika ndoo ya maji.