Somo: Familia ya Mwanafunzi Aliye Ughaibuni Huanza Safari Komineni



Somo hili linamhusu mwanafunzi mwenye ndoa, au anayekaribia kufunga ndoa, naye anatarajia kwenda kusoma nje. Hapa Kamenge jambo hili liko karibu nasi. Anayemaliza udaktari na kwenda kutafuta ubingwa anaweza kukaa nje miaka 4 au 5. Je, mwenzi wake na watoto watamfuata vipi? Wengi hudhani jibu liko ubalozini. Ukweli ni kwamba faili huanza kujengwa kwenye ofisi ya etasivili ya komine, tena mapema.

1. Msingi katika dini

Vitabu vya sira vinasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622, hakuondoka na watu wote wa nyumba yake. Baada ya kufika, aliwatuma Zayd bin Haritha na Abu Rafi' warudi Makka, wakamletea Sauda na mabinti zake Fatima na Ummu Kulthum. Tunajifunza hapa kwamba kutangulia si kosa, ila anayetangulia hawasahau aliowaacha nyuma.

Inapokewa pia kwamba Umar (r.a.) alimuuliza binti yake Hafsa mwanamke anaweza kuvumilia muda gani bila mumewe, kisha akawawekea ukomo wanajeshi waliokuwa mbali. Riwaya nyingine zinataja miezi 4, nyingine 6. Kwa hiyo miaka 4 ya kutengana haiamuliwi na mtu mmoja. Wanandoa washauriane na kuridhiana, na nafaka iendelee kutolewa.

2. Nikahi na cheti cha ndoa

Nikahi yenye walii, mashahidi na mahari ni ndoa kamili kisheria ya dini. Lakini sheria ya watu na familia ya Burundi ya mwaka 1993 inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya ofisa wa etasivili tu. Inataka mume awe na miaka 21 na mke 18, na inaruhusu mke mmoja. Ubalozi nao hauombi daftari la imamu, unaomba cheti cha serikali.

Mwaka 2017 serikali yetu iliwataka wote wanaoishi pamoja bila ndoa ya serikali waiandikishe kabla ya mwaka kwisha. Hata hivyo, wapo vijana ambao bado wanaishia msikitini na kusema komine itafuata. Angalia linalotokea. Nikahi imefungwa 2022, mtoto amezaliwa 2023, ndoa ikaandikishwa 2025 wiki chache kabla ya safari. Anayesoma faili anaona ndoa changa na mtoto aliyeitangulia, naye ana haki ya kuuliza kama ndoa hiyo imefungwa kwa ajili ya viza. Wanandoa wakweli wanajikuta wakijitetea.

Katika Suratul Baqara, aya ya 282, tumeamrishwa kuandika deni na kuweka mashahidi. Ikiwa fedha huandikwa ili haki isipotee, basi haki ya mke na nasaba ya mtoto zinastahili zaidi. Andikisheni ndoa wiki ileile ya nikahi, na mtoto mara azaliwapo, majina yakiandikwa kwa herufi zilezile kwenye kila karatasi.

3. Kila nchi na mlango wake

*Ubelgiji.* Mwanafunzi anaweza kuomba mwenzi na watoto walio chini ya miaka 18 wamfuate. Anaonyesha kipato cha kutosha na cha kudumu, nyumba inayowatosha na bima ya afya. Kwa kawaida wanandoa wote wawili wawe wametimiza miaka 21. Basi mke wa miaka 19 aliyeolewa kihalali hapa Bujumbura anaweza kulazimika kungoja.

*Uingereza.* Tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa kigeni hawaruhusiwi kuja na familia. Waliobaki na ruhusa ni hasa wanaofanya shahada za juu za utafiti, kama udaktari wa falsafa, na wanaosomeshwa na serikali.

*Kanada.* Tangu tarehe 21 Januari 2025, kibali cha kazi kwa mwenzi wa mwanafunzi kimebanwa. Kinatolewa kama mwanafunzi anasoma udaktari wa falsafa, masta ya miezi 16 au zaidi, au baadhi ya fani kama udaktari wa tiba na uuguzi.

*Marekani.* Mwenzi na watoto wa mwanafunzi hupewa viza ya F-2, ambayo hairuhusu kufanya kazi. Aidha, amri ya rais ya Juni 2025 ilisimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi, isipokuwa kwa hali maalumu.

Kanuni hizi hubadilika. Kabla ya kukubali ufadhili wa masomo, soma maelezo ya ubalozi wenyewe, usitegemee ya aliyekwenda miaka 5 iliyopita.

4. Yanayovunja faili na amana

Kwanza, kumwandika mtoto wa ndugu kama mtoto wako. Nia inaweza kuwa ya huruma, lakini Qur'ani katika Suratul Ahzab imetuamrisha kuwaita watoto kwa baba zao. Ubelgiji, karatasi zikitiliwa shaka, inaweza kutumia kipimo cha DNA. Kwa yatima unayemlea, tafuta hati ya ulezi mahakamani na useme ukweli.

Pili, mke wa pili. Ubelgiji haimpokei ikiwa mke mwingine tayari anaishi huko na mume, na Uturuki hutoa kibali kwa mke mmoja tu.

Tatu, kuazima fedha zikae benki siku chache ili zionekane. Huo ni ushahidi wa uongo, na familia ikifika haitakuwa na cha kula.

5. Viza inayotegemea viza

Kibali cha familia hufuata cha mwanafunzi. Masomo yakisimama, navyo vyao viko hatarini. Tena si kila mara mume ndiye anayetangulia. Dada akipata nafasi Marekani, mumewe atafika na viza isiyomruhusu kufanya kazi, hali nafaka bado ni wajibu wake. Mke wa kaka naye huenda akaacha kazi yake hapa na kukaa ndani miaka 4. Haya yazungumzwe kabla ya tiketi kukatwa, si baada yake.

Maswali ya halaqa

1. Mwenzetu amefunga nikahi bila kuandikisha, na safari yake ni mwakani. Aanze na lipi?
2. Posho ya ufadhili inamtosha mtu mmoja. Ni heri familia imfuate, au ibaki na kutumiwa nafaka? Tujadili kwa hesabu.
3. Mambo gani yaafikiwe na mke na mume kabla ya mmoja kuondoka?

Mwenyezi Mungu awakutanishe waliotengana katika kutafuta elimu, na azihifadhi nyumba zao. Amin.