Malisho ya Wote na Mpaka Usioandikwa

Kinyala ni kata ya Wilaya ya Rungwe, katika nchi ya Wanyakyusa, palipo mvua nyingi na migomba iliyoshikana. Zamani, kwa desturi ya nchi hiyo, wanaume wa rika moja walijenga kijiji chao pamoja. Kila mtu alilima shamba lake, walakini malisho yalikuwa ya kijiji kizima. Na mwenye kuhama aliliacha shamba nyuma yake. Ilipoingia kahawa, mmea wa miaka mingi, wengi walichukia kuhama, na shamba likawa la mtu na wanawe. Ndipo nyasi za wote zilipoanza kumegwa. Hazimegwi kwa vita, bali kwa chipukizi la mgomba lipandwalo hatua moja ng'ambo ya mpaka, na mwaka wa pili hatua nyingine.

Wako wadhanio ya kwamba ardhi ya wote ni ya atanguliaye. Dhana hiyo ni batili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, imetenga fungu la ardhi ya wakazi wote, lisilogawiwa mtu. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza. Mkutano mkuu wa watu wazima wote ndio wenye kukubali, kisha huandikwa daftarini. Na Halmashauri yenyewe ni mdhamini tu. Watu wa pwani, waliozoea msimamizi wa wakfu, hawahitaji kufasiriwa neno hili: mwenye kushika funguo hana haki ya kuuza nyumba.

Sayyidna Umar alipoweka malisho ya hifadhi, alimwamuru mlinzi wake awaruhusu wenye wanyama wachache, na azuie makundi ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Kwani matajiri hao, wanyama wao wakifa, wana mitende na mashamba ya kurejea. Maskini hana pa kurejea.

Udhaifu uko hapa. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu saba, watatu wao au zaidi wakiwa wanawake, husuluhisha tu, halimlazimishi mtu. Wazee waujuao mpaka wakifa, na daftari likiwa tupu, migomba ya jirani ndiyo itakayotoa ushahidi. Na mwenyekiti akimwandikia mtu hati ya kipande bila ya mkutano mkuu kukubali, amevunja sheria, ijapokuwa hati ina mhuri. Na mwanakijiji yeyote aweza kusimama mkutanoni akaomba muhtasari usomwe.