Gesi Ikizikwa Mwambani, Itaelekea Wapi?

Kuresoi imekaa juu ya Mau, ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa. Udongo unaozaa viazi na majani chai huko ulitokana na majivu ya volkano. Bondeni, katika kaunti hiihii ya Nakuru, kampuni za Octavia Carbon na Cella zimepanga kuizika gesi ya kaboni dioksidi ndani ya miamba ya volkano. Mkulima ana haki ya kuuliza: je, itakaa?

Tuanze na uzito. Ikishuka zaidi ya takriban mita 800, gesi hii hubanwa hadi ikakaribia kuwa kimiminika, lakini bado ni nyepesi kuliko maji ya ardhini. Basi hupanda, mpaka izuiwe na tabaka lisilopenyeka. Ikikuta ufa, hupita. Lakini ardhi yaweza pia kuishika: kule Kereita, Kiambu, kaboni dioksidi ya asili huchimbwa kutoka ardhini na kuuzwa.

Mambo hubadilika gesi ikiyeyushwa majini kwanza. Soda ikiwa imefunikwa haina mapovu. Mgandamizo ndio unaoishika gesi. Kina cha ardhi hufanya kazi ya kifuniko hicho. Tena maji yenye gesi ni mazito kidogo kuliko maji matupu, kwa hiyo huzama. Nayo ni asidi: huula mwamba, hutoa kalsiamu na magnesiamu, kisha madini hayo huungana na kaboni yakawa jiwe.

Huko Hellisheiði, Iceland, jambo hili lilipimwa kuanzia 2012. Watafiti walichanganya gesi hiyo na gesi nyingine ya alama, isiyoungana na mwamba, kisha wakachota maji kwenye kisima cha mbele. Ile ya alama ilifika. Kaboni karibu yote haikufika. Mwaka 2016 walitangaza kwamba zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe chini ya miaka miwili.

Hesabu hiyo isibebwe nzimanzima kuletwa kwetu. Mwamba wa Iceland ni basalti, wenye kalsiamu na magnesiamu tele. Trakaiti, mwamba wa volkano ya Menengai huko Nakuru, ina uhaba wa madini hayo, hivyo kazi itakwenda polepole. Isitoshe, huko Iceland tani moja ya gesi ilihitaji takriban tani 25 za maji.

Kwa hiyo, mradi ukibisha hodi kijijini, wananchi wadai kwanza kuonyeshwa vipimo vya mwamba wa palepale, ramani ya nyufa zake, na chanzo cha maji hayo.