Asili ya Neno "Tariff"

SWALI: Mimi ni msomaji wenu wa Nshambya, Bukoba. Katika hati za biashara ya kahawa nimekuta neno la Kiingereza "tariff", na kamusi yangu imenipa maana pasipo asili. Limetoka wapi?

JIBU: Neno hilo, ndugu msomaji, ambalo maana yake ni orodha ya ushuru au ya malipo yaliyokwisha kuwekwa, halikuzaliwa Uingereza, bali ni la Kiarabu, lenye maana ya kujulisha, ambalo Waitaliano walilitwaa, Wafaransa wakalipokea, na Waingereza wakalipata katika karne ya 16, ilhali sisi, tuliojirani na Waarabu tangu kale, twalitamka taarifa, nduguye maarifa.

La ajabu zaidi, kwa rai yangu, ni "magazine", litokalo katika neno la Kiarabu la maghala, ambalo shina lake ndilo la hazina yetu: Waingereza waliliita hivyo ghala la bidhaa na la baruti, hata mwaka 1731 Edward Cave wa London alipotoa jarida lake, The Gentleman's Magazine, akikusudia liwe ghala la makala. "Cipher" nalo ni sifuri. Ama "coffee" ya hati zako, hiyo ni kahawa ile ile, iliyopitia kwa Waturuki na Waholanzi. Nao Wahaya walikuwa wakitafuna akamwani, yaani kahawa yao ya kutafuna, kabla Wajerumani hawajatia mguu Bukoba.