Usimtwike Jirani Msalaba Wako

Hakuna nyumba isiyobishiwa hodi na mateso. Leo ni mtoto mwenye homa, kesho ni mvuvi asiyerudi kutoka ziwani, kesho kutwa ni shamba la mihogo lililokauka kabla ya mavuno. Mkristu hakuahidiwa njia nyingine, maana Bwana wetu mwenyewe alipita njia ya Kalvario. Basi linalotupasa kujiuliza si kama tutateseka, bali tutateseka kwa namna gani.

Katika nchi ya Sengerema, kama mahali pengi pa Usukuma, mateso huleta upesi swali moja: Nani amenitenda hivi? Tutwae mfano wa kichocho. Mdudu wake hukaa katika konokono wa majini, kisha hupenya ngozi ya mtu aogaye au avuaye ziwani. Mgonjwa asipotibiwa kwa miaka mingi, ini lake huharibika, tumbo huvimba, hata aweza kutapika damu. Vidonge vya hospitali humwua mdudu huyo. Yafaa tu kuviwahi mapema. Lakini ndugu waonapo tumbo limevimba, wengine hukimbilia kwa mpiga ramli. Naye humtaja nani? Mara nyingi ni bibi kizee mjane, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko alilowapikia watoto na wajukuu maisha yake yote. Vikongwe wengi wa Kanda ya Ziwa wamekatwa mapanga kwa neno la namna hiyo. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa kwa sababu ya ushirikina. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Lakini hakuna sheria iwezayo kulinda mlango wa moyo.

Injili yatuonyesha njia nyingine. Mitume walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni dhambi ya nani iliyomletea shida ile. Bwana alikataa kumtafuta mkosaji, alimponya mgonjwa. Rafiki za Yobu nao walikuja kumfariji, wakaishia kumshitaki, na Mungu hakupendezwa nao.

Wala tusidhani kwamba kuvumilia ni kukaa kimya na kungoja kifo. Kule Gethsemani Bwana aliomba kikombe kiondolewe. Basi kumwomba Mungu nafuu si upungufu wa imani. Kwenda hospitali pia si upungufu wa imani. Hospitali ya Sengerema, iliyo chini ya Jimbo Katoliki la Geita, yahudumia watu wa dini zote, kwa sababu Kanisa lasadiki kwamba kupunguza maumivu ya mwenzio ni kazi ya Kristu. Hata aliyedhulumiwa ana haki ya kwenda mbele ya sheria. Lakini maumivu yakibaki baada ya yote hayo, hapo ndipo twaitwa kuyaunganisha na sadaka ya Bwana, bila kuyageuza kuwa chuki.

Ziwa letu lina ushuhuda wake. Ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, upande wa mashariki, ipo Bukumbi, misioni iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1883, walipokuwa wameondoka Uganda. Walirudi huko mwaka 1885. Na katika miaka ile ile Kabaka Mwanga akaanza kuwaua Wakristu. Wakatoliki 22 kati ya hao ndio watakatifu waliotangazwa na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Mwaka 1888 Mwanga naye akapinduliwa, akakimbilia kusini ya ziwa. Hatimaye alipata kimbilio wapi? Bukumbi, kwa mapadre wale wale waliokuwa wamewafundisha dini vijana aliowachoma moto. Nao hawakumfukuza. Hatusemi kwamba siasa ya siku zile ilikuwa safi. Twasema tu kwamba mwenye damu mikononi alibisha hodi, akafunguliwa mlango.

Ikiwa mlango ulifunguliwa kwa mtu ambaye hatia yake ilijulikana, sisi twawezaje kumfungia bibi kizee asiye na hatia yoyote? Na kama Jumapili twapokea Ekaristi, kisha Jumatatu usiku twaenda kwa mpiga ramli, je, tumemtumikia bwana yupi?

Wazazi Wakristu, ugonjwa ukiingia nyumbani, fanyeni mambo matatu. Mpelekeni mgonjwa kwa mganga wa hospitali pasipo kukawia. Mwiteni padre mapema kwa ajili ya Mpako wa Wagonjwa, maana sakramenti hii ni ya kumtia mgonjwa nguvu, wala si tangazo la kifo. Tena neno la kumshuku jirani likianza kunong'onwa chini ya paa lenu, likatazeni hapo hapo, mbele ya watoto, ili nao wajifunze.

Simoni wa Kirene alimsaidia Bwana kuuchukua msalaba. Tumwige yeye: tuchukue mizigo ya wenzetu, wala tusiwatwike wa kwetu.