Moshi wa Mmoja, Deni la Nyumba Nzima

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya: tumbaku, gongo na unga

Kijitabu hiki kisomwe kwa sauti baada ya chakula cha usiku, na anayevuta awepo. Hakikuandikwa kumsuta. Kimeandikwa kwa sababu uraibu ukishaingia nyumbani hulipiwa na wote: mama anayepunguza mboga, mtoto anayekohoa usiku, kaka anayeuza mbuzi apate nauli ya hospitali.

1. Anzeni na daftari

Wavutaji wengi hawanunui pakiti. Hununua rejareja: moja na chai ya asubuhi, mbili kijiweni, nyingine jioni. Shilingi mia mbili haiumi, ndiyo maana haihesabiwi. Sasa ihesabuni. Tuseme sigara moja ni shilingi 200 na mtu anavuta 10 kwa siku:

- Kwa siku: shilingi 2,000
- Kwa mwezi wa siku 30: shilingi 60,000
- Kwa mwaka wa siku 365: shilingi 730,000

Wekeni bei ya duka la mtaani kwenu na idadi ya kweli. Pembeni andikeni bei ya sare ya shule, debe la mahindi na bati moja. Mtaona ni nini hakikununuliwa mwaka jana.

Hiyo ni kabla ya kuugua. Mgonjwa wa saratani anayetoka Kaliua kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, haendi peke yake. Ndugu anayemsindikiza ameacha shamba au kibarua, na wote wawili wanahitaji kula na pa kulala kwa muda wote wa matibabu.

2. Moshi ndani ya nyumba

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati yake husababisha saratani. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache; hiyo ndiyo inayomfunga mtu. Gesi ya kaboni monoksidi huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, moyo ukalazimika kufanya kazi ya ziada.

Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuwa wavutaji. Walivuta moshi wa wenzao. Kwa mtoto, moshi huo huleta nimonia, pumu na maambukizi ya masikio. Kwa mjamzito, huongeza hatari ya kujifungua kabla ya wakati au kupata mtoto mwenye uzito mdogo.

Kufungua dirisha hakutoshi, kwani moshi hunasa kwenye pazia, godoro na nguo. Ambaye hajaweza kuacha avutie nje kabisa, mbali na mlango, na asimbebe mtoto akiwa na sigara mkononi.

Kumbukeni pia:

- Uvutaji huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinahitaji kipimo.
- Maji ya shisha hayachuji sumu, na kupokezana mrija husambaza magonjwa.
- Ugoro hauna moshi, lakini una nikotini na huweza kuleta saratani ya kinywa.

3. Kwa wanaolima tumbaku

Wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanajua kuwa tumbaku hujenga nyumba na kulipa ada. Wanajua pia kwamba mkopo wa pembejeo hukatwa kwanza na chama cha msingi, ndipo mkulima apate kilichobaki. Kuna gharama nyingine ambazo haziandikwi kwenye hesabu hiyo. Kukausha majani kwenye mabani hula kuni nyingi, na msitu wa miombo unavyorudi nyuma ndivyo mama anavyotembea mbali zaidi kutafuta kuni za kupikia.

Jani bichi lenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi. Anayevuna huweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika hata kama hajawahi kuvuta. Vuneni umande ukishakauka, vaeni mikono mirefu na glavu, ogeni mkimaliza. Watoto na wajawazito wasishike majani mabichi.

4. Gongo na unga

Gongo, pombe kali ya kienyeji, haipimwi na mtu yeyote kabla ya kuuzwa. Ikichanganyika na methanoli huweza kupofusha au kuua, na kwa macho au pua huwezi kuitambua. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba Machi 2017, kwa kuwa bei ndogo na pakiti ya kutia mfukoni viliifikisha hadi kwa wanafunzi. Kuacha ni vizuri, lakini mnywaji wa kila siku asikatishwe pombe ghafla bila mhudumu wa afya. Anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa hata kupata degedege.

Unga, yaani heroini, huanza kwa kete moja ya kujaribu. Baadaye mtu havuti tena kwa raha, bali kwa kukimbia arosto: mafua, miayo, kuharisha, mifupa kuuma kama inavunjwa. Hapo ndipo sufuria, mtungi wa gesi na simu ya dada vinapoanza kupotea. Wanaojidunga kwa kuchangia sindano huambukizana VVU na homa ya ini B na C, na maambukizi hayo huwafikia wenzi wao nyumbani.

Uraibu wa unga ni ugonjwa, nao una tiba. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na huduma imeenea mikoa mingine. Kwa kawaida mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mtoa huduma. Arosto hutulia, akaweza kurudi kazini. Ndugu anayemsindikiza siku za mwanzo humsaidia kuliko anayemfungia chumbani.

5. Akizidiwa na unga

Dalili: haamki, anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo sana.

- Mwite kwa sauti, mtikise bega.
- Asipoamka lakini anapumua, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi.
- Usimmiminie maziwa wala maji mdomoni.
- Mkimbize hospitali, useme wazi ametumia nini. Aibu isigharimu uhai.

6. Faida ya kuacha sigara

- Dakika 20: mapigo ya moyo huanza kushuka.
- Saa 12: kaboni monoksidi kwenye damu hurudi kiwango cha kawaida.
- Wiki 2 hadi 12: mzunguko wa damu na mapafu huimarika.
- Mwaka 1: hatari ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa karibu nusu.
- Miaka 10: hatari ya saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji.

Hamu kali hudumu dakika chache tu. Kunywa maji, tembea, tafuna karanga. Badilisha njia kama ile ya zamani inapita kijiweni. Ukiteleza, anza tena siku hiyo hiyo.

7. Maswali yanayoulizwa sana

*Babu alivuta hadi uzeeni. Mbona hakufa?* Wapo wanaovuka barabara bila kuangalia na wakafika ng'ambo. Tumbaku huua hadi nusu ya wasioacha.

*Sigara si inaleta kodi?* Inaleta. Lakini mwaka 2012 matibabu na nguvu kazi iliyopotea kwa uvutaji vilikadiriwa kugharimu dunia dola trilioni 1.4, sawa na asilimia 1.8 ya pato lake lote. Kodi huingia hazina. Sehemu kubwa ya gharama hubaki na familia.

8. Kazi ya mwezi huu

Anayeacha aandike kwenye daftari kila siku kiasi ambacho hakukitumia, na pesa yenyewe iingie kwenye kibubu. Mwisho wa mwezi kivunjeni mbele ya wote, na yeye ndiye achague kitakachonunuliwa.